Upande wa Kushoto wa Bibi Milembe

Kulipokucha, wazee wa bweni la wanaume walimkuta Bibi Milembe amesimama uchi karibu na bomba la maji. Gauni lake lilikuwa chini kwenye matope. Mkono wa kushoto alikuwa ameutanua mbali na ubavu, na macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Hakumtazama mtu yeyote. Alikuwa akirudia neno moja la Kisukuma, kwa sauti iliyokauka.

"Nzuki. Nzuki. Nzuki."

Nyuki.

Mzee Bujiku, mchimbaji dhahabu wa zamani wa Rwamgasa ambaye wazee wenzake walimsikiliza kuliko walivyomsikiliza mfawidhi wa makazi yale ya wazee, alirudi nyuma akatema mate pembeni.

"Anawaita," alisema.

Hakuna aliyemuuliza anawaita akina nani. Wiki iliyotangulia walikuwa wamemzika Mzee Adam, aliyelala akiwa mzima na asiamke. Sasa wakaanza kukumbushana kwamba kabla ya kifo hicho Bibi Milembe alionekana hivi hivi, bila nguo, chini ya dirisha la marehemu. Huku kwetu bibi kizee mwenye macho mekundu akikutwa uchi alfajiri, watu huwa wameshamaliza kesi vichwani mwao kabla hajaokota nguo yake.

Muuguzi Asteria alifika mbio, amevaa mabuti ya mvua ya kiume na sweta juu ya sare. Alivua sweta ili amfunike. Lilipomgusa tu ubavuni, Bibi Milembe alipiga yowe lililowafanya wanawake wa bweni la pili wafunge madirisha, akamparura Asteria shavuni mpaka damu ikatoka. Kisha akakimbia, kama mtu wa umri ule anavyoweza kukimbia, akajibanza nyuma ya jiko la kuni.

Siku hiyo uji wa asubuhi ulipoa kwenye vikombe. Wazee walikataa kuunywa kwa sababu ulipikwa kwenye jiko hilo.

*

Asteria alizaliwa Nyarugusu, kwenye machimbo ya Geita, baba yake akiwa Msumbwa aliyetoka Bukombe kufuata dhahabu, mama yake akiwapikia wachimbaji. Alikua akisikia mawe yakipondwa kuanzia asubuhi hadi jioni. Tangu utotoni alizoea kuona wanaume wakitolewa mashimoni na kulazwa juu ya mlango uliong'olewa, wakipiga kelele, wakimtaja Mungu na mama zao. Maumivu aliyoyajua yeye yalikuwa na sauti na yalikuwa na jina: mguu umevunjika, mkono umesagwa, mgongo umeangukiwa na gogo. Labda ndiyo maana alisomea uuguzi. Alisoma Shinyanga, akafanya kazi miaka mingi katika wodi ya wazazi, na huko pia maumivu hayakuwa na siri.

Mumewe, Marcel, alikwenda Chunya aliposikia kuna dhahabu mpya. Mwanzoni alikuwa akipiga simu. Baadaye simu zikaacha kuja, na Asteria hakwenda kumtafuta. Alimlea mwanawe Eliya mpaka akawa dereva wa malori kule Kahama. Alipohamishiwa makazi ya wazee, nje kidogo ya mji wa Geita, ukishapita Kalangalala mahali ambapo nyumba zinaisha na mihogo inaanza, wauguzi wenzake walimpa pole kama mtu aliyefiwa. Yeye alipapenda. Alikuwa na hasira za haraka, aliwafokea wazee kwa kuacha dawa, kisha akagawana nao sukari yake mwenyewe. Kuomba radhi hakujua. Akikosea, alileta maembe.

Bibi Milembe aliletwa pale mwaka uliopita na watu wa ustawi wa jamii. Alitoka kijiji kimoja cha upande wa Shinyanga, ambako nyumba yake ilichomwa moto na majirani waliodai kuwa anawaroga. Watoto wake hawakuja kumwona. Alipofika alikuwa tayari ameanza kusahau: kwanza majina ya watu, halafu Kiswahili chote, akabaki na Kisukuma cha utotoni. Lakini alikuwa mpole. Alikuwa akiimba taratibu akichambua mboga jikoni. Upole huo ulikwisha ghafla baada ya masika. Akaanza kuuma watu, kupiga vikombe, kuvua nguo. Walisema ugonjwa wa kusahau umempanda. Daktari aliyekuwa akipita makazini aliagiza sindano ya kutuliza, na Asteria ndiye aliyemchoma. Baada ya kila sindano Bibi Milembe alilala kama gogo, akaamka akipepesuka, akaanguka, na ulevi wa dawa ulipomtoka akavua tena.

*

Mfawidhi wa makazi aliitwa Stanslaus. Alikuwa mtu mwangalifu, si mkatili, ila hofu ilikuwa imemkaa shingoni. Alimwita Asteria ofisini, akafunga mlango.

"Mama Eliya, mwenyekiti wa mtaa amenipigia simu. Habari zimeshafika kule bondeni kwa waponda mawe ya dhahabu. Wanasema tunafuga mchawi."

"Nani kawaambia?"

"Wazee wana simu. Bujiku ana mpwa wake mchimbaji." Aliufuta uso kwa kiganja. "Ijumaa gari la ustawi linakuja. Litamrudisha Bibi Milembe kwao."

"Kwao wapi? Kwao walichoma nyumba."

"Najua."

"Basi sema unampeleka akachomwe."

"Nina wazee wengine humu ndani!" Stanslaus alipaza sauti, kisha akaishusha haraka. "Watu wakivamia hapa, unadhani watachagua? Watauliza huyu ni nani na yule ni nani? Mchome sindano alale mpaka Ijumaa. Asionekane tena nje."

Asteria alisimama akitazama mikono yake. Shavu lilikuwa likimwasha.

"Acha nimuogeshe kwanza," alisema. "Ana matope mwili mzima."

Justa, mhudumu ambaye kazi ya kuogesha ilikuwa yake, alikataa hata kuingia chumbani. "Dada Asteria, nisamehe," alisema akiwa ameshika mlango. "Mimi nina mimba. Siwezi kumgusa." Alikuwa akilia. Asteria alitaka kumfokea, akaona tumbo lile, akachukua ndoo mwenyewe.

Bibi Milembe alikuwa amekaa kwenye kigoda, amechoka, meno yake machache yakigongana. Maji yalikuwa ya vuguvugu. Asteria alianza na miguu. Bibi alitulia. Akaosha mkono wa kulia, bega la kulia, ubavu wa kulia. Bibi alifumba macho, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi akaanza kuguna wimbo. Asteria alihamisha kitambaa upande wa kushoto.

Alihisi meno mkononi kabla hajasikia sauti.

Hakumsukuma. Aliung'oa mkono wake taratibu, akaenda kukaa kwenye ukingo wa kitanda, akamtazama yule bibi. Sura ilikuwa imekunjamana yote kuelekea katikati. Pumzi zilikuwa fupi, za kukatika. Mkono wa kulia ulikuwa umenyanyuka, si kumpiga mtu, bali kuukinga ubavu wa kushoto. Hivi ndivyo mtu anavyokinga kidonda. Lakini kidonda hakikuwepo.

Asteria alisogea tena, polepole, bila kugusa. Akainama kwenye mwanga wa dirisha. Kuanzia uti wa mgongo, kuzunguka ubavu, hadi chini ya titi la kushoto, kulikuwa na ukanda wa makovu madogo meupe. Aliyajua. Mwenyewe ndiye aliyeyapaka dawa wakati wa masika, yalipokuwa malengelenge. Mkanda wa jeshi. Ulikauka vizuri, akasema umepona, wakaendelea na mambo mengine.

Na ni baada ya hapo ndipo upole ulipokwisha.

Bibi Milembe alifumbua macho. Akasema, bila hasira, kama anayemweleza mtoto asiyeelewa: "Nzuki, mayu."

Nyuki, mama.

"Wapi?" Asteria aliuliza kwa Kisukuma chake cha kuokoteza. "Hapa?" Akaonyesha kwa kidole hewani, mbali na ngozi.

Yule bibi alianza kulia.

*

Daktari Mwita alikuwa ndiye aliyeagiza ile sindano ya kutuliza. Asteria alimpigia simu hospitalini, akajiandaa kugombana. Hakukuwa na ugomvi. Daktari alisikiliza mpaka mwisho.

"Mkanda wa jeshi ukikauka kwenye ngozi," alisema, "mshipa wa fahamu unaweza kubaki umeharibika, hasa kwa wazee. Nguo ikipita tu, mtu anahisi moto. Wengine wanasema sindano, wengine wadudu."

"Yeye anasema nyuki."

"Na sisi tukamlaza kwa dawa ya wendawazimu." Alishusha pumzi. "Sikiliza, Sista. Mgonjwa asiyeweza kueleza, usimsubiri aeleze. Mtazame uso. Sikiliza anavyopumua. Sikiliza sauti anayotoa. Tazama mikono na miguu inafanya nini. Na uone kama anabembelezeka au habembelezeki. Mtazame akiwa ametulia, mtazame ukimgeuza, mtazame baada ya dawa. Sindano ya kutuliza simamisha. Anza panadol leo, kwa saa zake, mchana na usiku, usingoje alalamike. Kesho nitaleta dawa nyingine inayotuliza mshipa wenyewe. Kwa mtu wa umri wake tutaanza na kipande kidogo kabisa, maana inaweza kumlevya akaanguka."

"Itachukua muda gani kufanya kazi?"

"Siku kadhaa. Pengine wiki."

"Sina wiki, Daktari."

Alimweleza habari za gari la Ijumaa na maneno ya waponda mawe.

Asteria alirudi ofisini. Stanslaus alisikiliza akiwa amesimama dirishani. "Huenda ni kweli," alisema. "Lakini nani kule nje atakuelewa ukimwambia mshipa?"

*

Kesho yake mchana Asteria alikuwa amekaa karibu na kitanda cha Bibi Milembe, akikata shuka kuukuu la pamba. Alitaka kumshonea gauni pana lililo wazi upande wa kushoto, ambalo halingegusa ubavu. Panadol ilikuwa imesaidia kidogo. Pumzi zilikuwa ndefu kuliko jana. Alikuwa amekubali kula vijiko vichache. Daktari Mwita alikuwa bado hajafika.

Kitu fulani kilibadilika, na Asteria hakujua ni nini mpaka aliponyanyua kichwa. Kimya. Kule bondeni mashine za kusaga mawe zilikuwa zikinguruma siku nzima, siku zote, mpaka watu wa makazini walikuwa wameacha kuzisikia. Sasa zilikuwa zimezimwa zote.

Alikwenda dirishani. Wanaume walikuwa wakipanda njia ya vumbi kutoka bondeni, weupe kwa unga wa mawe kuanzia nywele hadi viatu. Walitembea bila kuongea, na kutoongea kwao ndiko kulikomtisha. Mmoja alibeba dumu la njano.

Mlinzi wa getini, Masele, alikuja akipitia bustani, akaziweka funguo mezani kwa mfawidhi, akasema ana watoto, akaondoka kwa njia ya shambani. Stanslaus alikuwa kwenye simu, anaongea na polisi, jasho limemlowanisha kola.

"Polisi wanakuja," alisema alipokata simu. "Wako njiani. Mama Eliya, mtoe kwa mlango wa nyuma. Kuna bodaboda."

"Kule nyuma wameshasimama vijana. Nimewaona."

"Basi tufanyeje?"

Asteria alichukua funguo, si ili afungue, ila zisibaki mezani, akaenda getini. Mzee Bujiku alikuwa ameketi kwenye benchi lake karibu na njia. Alipomwona muuguzi anapita aligeuza uso.

Aliyetangulia mbele ya wenzake alikuwa mwanaume wa makamo, mabega mapana, amevaa shati la mikono mirefu lililofungwa vifungo hadi shingoni. Asteria alimfahamu. Alikuwa Mabula, mpwa wake Bujiku, aliyekuwa akija mara moja moja kumletea mjomba wake tumbaku.

"Fungua, mama," Mabula alisema.

"Kwanza tusalimiane."

Wanaume nyuma yake waliguna. Asteria alibaki amesimama, funguo ameziweka nyuma ya mgongo. Mabula alitazama chini, akatazama juu.

"Shikamoo."

"Marahaba, baba. Karibuni. Mmemfuata nani?"

"Nimemfuata mjomba. Hakai tena humu. Na yule bibi atoke. Mjomba amenieleza yote, ya marehemu, ya kusimama uchi, yote."

"Yule bibi anaumwa."

"Wote wanaumwa," mtu mmoja alidakia. "Mbona wengine hawavui?"

"Anavua kwa sababu nguo inamuunguza. Aliugua mkanda wa jeshi wakati wa mvua. Malengelenge yamepona lakini maumivu yamebaki. Kichwa chake kimesahau maneno, hawezi kutueleza." Alisikia jinsi maneno yake yanavyodondoka chini bila kumfikia mtu. Mwenye dumu alikuwa amesogea, na harufu ya petroli ilifika getini. Asteria akauliza jambo la kwanza lililomjia: "Hivi hapa hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuugua mkanda wa jeshi?"

Papo hapo alijua ameuliza vibaya. Macho yalishuka. Kwenye kambi za wachimbaji ugonjwa ule ulikuwa na maneno mengine nyuma yake. Aliyeupata alisemwa kuwa ana UKIMWI, akaachwa anywe maji kwa kikombe chake peke yake. Nani angenyoosha mkono mbele ya wenzake?

"Anatupotezea muda," mwenye dumu alisema. Akashika geti, akalitikisa. Wengine wawili wakaja kumsaidia. Bawaba ya juu ililia.

Kutoka bweni la wanawake ikasikika sauti. Labda Bibi Milembe alikuwa amegeuka kitandani, labda shuka lilimgusa. Ilikuwa sauti nyembamba, ndefu.

"Nzuki! Nzukiii!"

"Mnasikia?" mtu alipiga kelele. "Anaita nyuki! Anatutumia nyuki!" Wengine waliruka nyuma wakitazama angani. Mmoja aliokota jiwe.

Mabula peke yake hakusogea. Alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, kama anayesikiliza mtu anayemfahamu.

"Anasema hivyo kila siku?" alimuuliza Asteria.

"Kila akiguswa ubavu huu." Asteria alijigusa kushoto.

Mkono wa Mabula ukapanda kwenye kifungo cha shati, ukakaa pale.

"Mimi nilikuwa nikisema siafu," alisema.

Mwenye dumu alimgeukia. "Unasemaje?"

"Siafu. Nilimwambia Suzana, mke wangu, kwamba siafu wananitembea chini ya ngozi." Alifungua kifungo cha kwanza, cha pili, cha tatu. Akalivuta shati upande, akageuka ili wenzake waone. Kuanzia bega, kuvuka kifua, kulikuwa na ukanda wa makovu meupe. "Ule mwaka niliopotea duarani, nisishuke shimoni. Mliniuliza."

"Ulituambia umemwagikiwa maji ya moto."

"Niliwadanganya." Sauti yake ilikwaruza. "Sikuvaa shati. Nililala chini ya turubai kifua wazi, Suzana akinipepea, na hata upepo wenyewe ulikuwa ukiniuma. Nilimpiga. Mke wangu, nilimpiga kwa sababu alinifunika khanga nikiwa nimelala. Ni wakati huo tu nimewahi kumpiga." Alimtazama mwenye dumu. "Mimi nilikuwa na mdomo wa kusema. Huyu hana. Ningekuwa bibi kizee, mngenichoma?"

Aliyeshika jiwe hakulitupa wala hakuliweka chini. Kisha mmoja wa nyuma kabisa aligeuka akaanza kushuka bondeni, mikono mfukoni, na wa pili akamfuata, na wa tatu. Si wote. Mwenye dumu na wengine wachache walibaki wakitukana, na mawe mawili matatu yaliangukia bati la bweni. Waliondoka pale tu gari la polisi lilipotokea kwenye kona. Nyuma ya gari lile, kwenye pikipiki ya kukodi, alikuwa Daktari Mwita na mfuko wa dawa, amejaa vumbi, akiuliza kuna nini.

Mabula alikuwa bado anafunga vifungo. Vidole vilikuwa vikikosea matundu.

"Umefanya jambo kubwa, baba," Asteria alimwambia.

"Sijui kesho watanipa kikombe gani," alijibu, akaondoka bila kumwona mjomba wake.

*

Ijumaa gari la ustawi lilikuja. Stanslaus alimkaribisha dereva chai, akaongea naye habari za barabara, akamwambia hakuna abiria. Asteria alikuwa ukumbini akisikia. Walipokutana mlangoni mfawidhi alisema tu, "Usiniangalie hivyo," akapita.

Dawa mpya haikuleta muujiza. Siku za kwanza Bibi Milembe alilewa usingizi, na asubuhi moja Asteria alimdaka akiwa tayari anaanguka. Daktari Mwita alipunguza dozi, akaisogeza jioni, akaiacha hapo kwa muda kabla ya kuipandisha kidogo. Asteria alimtazama kila alipomgeuza na kila alipomlisha: uso, pumzi, sauti, mikono. Siku nyingine alitoka chumbani akiwa na hakika kwamba hakuna kilichobadilika. Kisha ikaja asubuhi ambayo aliingia akamkuta bado amelala, gauni la shuka kuukuu likiwa mwilini, kinywa wazi, anakoroma. Asteria alikaa kwenye kigoda akamsikiliza anavyokoroma mpaka uji ukawa tayari.

Siku za baridi nyuki walirudi. Alilia, akavuta gauni, lakini sasa waliokuwa karibu walijua la kufanya. Justa alirudi kumhudumia baada ya kujifungua, mwanzoni kwa mikono ya woga, baadaye kwa mikono ya kawaida. Si kila mtu alirudi. Bibi Sesilia, aliyekuwa akilala kitanda cha jirani, aliomba ahamishwe, akahamishwa, na hakula naye tena sahani moja. Hata hivyo, mchana mmoja Bibi Milembe alikataa ugali, akasema kwa Kisukuma safi kwamba aliyeupika hajafundwa na mama yake, na kwamba yeye anataka michembe. Mpishi alinuna siku nzima. Asteria alicheka mpaka machozi yakamtoka, akatuma mtu sokoni akanunue viazi vikavu hivyo.

Lakini jambo moja halikumpa raha. Alikuwa amezoea maumivu yenye sauti, na sasa alikuwa amejifunza kwamba yapo yanayosemwa kuwa wazimu. Akaanza kujiuliza kuhusu wale wasiopiga kelele kabisa. Akawatazama wazee wote upya, wakati wa kuogeshwa, wakati wa kuinuka, wakati wa kula. Aliona taya zinazobanwa, mikono inayosita. Na alimwona Mzee Bujiku.

Bujiku hakuwahi kulalamika. Alikaa kwenye benchi lake tangu asubuhi, na wote walisema anapenda benchi. Asteria aliona kwamba kabla ya kuinuka alishika ubao kwa mikono miwili, akazuia pumzi, na uso wake ukawa wa rangi ya majivu. Halafu akatembea kana kwamba hakuna kitu.

Alikwenda akaketi karibu naye. Tangu siku ya geti hawakuwa wameongea zaidi ya salamu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Mguu unauma?"

"Uzee."

"Uzee si mahali. Wapi?"

"Mimi ni mtu wa duara, Sista. Nimetolewa shimoni nikiwa nimefukiwa hadi shingoni. Sikulia."

"Sikuulizi kama ulilia."

Mzee alitafuna tumbaku yake, akatazama kule bweni la wanawake, ambako Bibi Milembe alikuwa ameketi kivulini, gauni wazi upande mmoja, anachambua mboga.

"Nilimpigia Mabula simu mimi," alisema. "Niliona kweli ni mchawi."

"Najua."

"Mabula haji tena."

"Nimempigia mimi jana. Atakuja Jumapili."

Bujiku aliitikia kwa kichwa taratibu. Mashine zilinguruma bondeni. Kisha, bila kumtazama, mzee aliushika mkono wa Asteria, akauweka juu ya nyonga yake ya kulia, akaugandamiza hapo.

"Hapa," alisema. "Tangu mwaka juzi. Na usimwambie mtu."

"Nitamwambia daktari."

Mzee alifikiri.

"Basi huyo tu," alisema.